Sakafu iliyotuna saa tisa alasiri

Kilichonitia kwenye kazi hii ya kuitandika upya sakafu ya banda la gari ni kitambaa cheupe. Mimi ni mpambaji wa harusi hapa Tanga mjini, na banda la gari ndilo stoo yangu: mbele inalala Kirikuu, kigari changu cha mizigo, nyuma vinapangana viti, mazulia na mabunda ya satini. Basi siku moja tuko Makorora, tunafungua bunda mbele ya mama wa bibi harusi, pindo lote la chini limepiga rangi ya majivu. Vumbi la saruji. Mama wa watu hakusema neno. Alilishika pindo kwa vidole viwili, akaliachia, akaingia zake ndani. Afadhali angenitukana.

Sakafu ya banda nimeikuta, sikuimwaga mimi. Ukiikwaruza kwa msumari inatoka unga kama chaki. Unafagia asubuhi, jioni vumbi liko palepale, maana halitoki nje, linatoka kwenye sakafu yenyewe. Zege likikorogwa maji mengi ili lilainike kwenye mwiko, maji hupanda juu na kuacha ngozi dhaifu, nayo ndiyo inayosagika kidogo kidogo kila tairi linapopita.

Fundi wangu wa siku zote alitaka tuivunje tumwage upya. "Mama, hii haina dawa." Sawa, lakini zege jipya linataka kumwagiliwa maji wiki nzima na zaidi kabla hujalipandishia gari, na ilikuwa Januari, Ramadhani inakaribia, harusi zinafuatana kama siafu. Viti mia mbili nivipeleke wapi? Tailizi za kawaida nilizikataa mwenyewe. Kijana wangu hutengenezea gari humohumo, na spana ikidondoka kwenye tailizi iliyo na uwazi chini yake, kwaheri. Nikabaki na wazo la rangi ngumu ya sakafu. Hilo lilikufa kwa kipande cha nailoni: nilikibandika chini kwa selotepu pande zote nne, kikalala usiku kucha, asubuhi upande wa chini kina matone. Sakafu inapumua unyevu kutoka ardhini, na rangi ingebanduka kama ngozi ya kitunguu.

Ndipo nikaangukia vigae vya plastiki vya kuchomekana. Havitaki saruji wala gundi. Kila kimoja kina masikio pande mbili na meno pande mbili, jino linaingia sikioni, unagonga kwa nyundo ya mpira, "ta!", kimekaa. Nilichagua vile vya plastiki ngumu, sentimita 40 kwa 40, unene milimita 18, vyenye vijiguu chini ili hewa ipite na unyevu usijifungie. Chini ya gari nikataka vya matundu, mchanga wa matairi uangukie huko. Chini ya vitambaa nikataka vilivyoziba. Asante Mungu kwa akili hiyo ya pili, kwa sababu mpambaji bila pini si mpambaji, na pini ikishaingia kwenye tundu la kigae imekwenda.

Vilipakiwa Dar usiku, asubuhi nikavipokea stendi ya mabasi ya Kange. Tanga husemwa waja leo, waondoka leo, ila hivi vilikuja kukaa.

Hesabu yangu ilinifurahisha mno, na hapo ndipo nilipojichimbia. Banda lina upana wa mita 3.2. Gawa kwa 0.4, unapata 8 kamili, hakuna kukata! Urefu ni mita 5.4, yaani mistari 13 na nusu, kwa hiyo mistari 14, ule wa mwisho unakatwa. Mara 8, ni vigae 112. Nikaagiza 120 na vile vipande vya mteremko vya mlangoni. Mlango wenyewe wa mabati unafunguka kwa nje, kwa hiyo unene haukunisumbua. Kama wako unafunguka kwa ndani, pima kwanza uwazi wa chini, usije ukajifungia nje ya banda lako.

Tulianza baada ya swala ya alfajiri, mimi na kijana. Kulifagia, kulisugua doa la oili kwa sabuni ya unga na maranda ya mbao, kuacha pakauke. Hayo tuliyamaliza jana yake. Tukaanzia mlangoni, masikio yakitazama nje ili mteremko upate pa kushika, na vigae vizima vikae mahali watu wanapoona. Vilivyokatwa vikajifiche ukutani nyuma ya viti. Kigae kimoja ukikigeuza vibaya hakiingii hata ukipige vipi, kwa hiyo kazi yenyewe inakusahihisha. Tatizo ni kukata. Tuliazima jigisoo kwa seremala jirani, kijana akaikimbiza kama anafukuzwa, plastiki ikayeyuka na kushikana tena nyuma ya msumeno. Ukivuta, kigae kizima kama hakijaguswa. Dawa yake ni meno makubwa na mwendo wa polepole.

Saa tano tumemaliza. Kwa mbele, kutoka ukuta hadi ukuta, hakuna hata pa kupitisha karatasi. Nilipiga picha nikamtumia fundi. Akajibu kwa kidole gumba kimoja, bila neno.

Mlango wa banda unatazama magharibi. Kaskazi ya Tanga mnaijua, na jua la alasiri linaingia ndani hadi katikati. Saa tisa natoka kuanua nguo, naona sakafu yangu imetuna. Mgongo mmoja mrefu, kuanzia mlangoni kwenda ndani, umenyanyuka katikati kama andazi lililoshika hamira. Nikaukanyaga, ukashuka mguuni pangu na kupanda kando. Nikasogea kando, ukapanda nilipotoka. Kijana alikuwa ameshika kikombe cha chai, anacheka, anajaribu asicheke.

"Mama, plastiki inarefuka ikipata joto. Tumesoma."

"Mlisoma lini, na asubuhi ulikuwa wapi?"

Alipiga hesabu nyuma ya boksi: plastiki ya namna hii, yenye upana wa mita 3.2, ikipanda joto nyuzi 20, inaongezeka milimita 6 au zaidi. Milimita 6 ni kitu gani? Ni unene wa penseli. Lakini ikikosa pa kwenda kushoto wala kulia, inakwenda juu, na ikienda juu haibaki penseli tena, inakuwa kilima. Tena tulivitandika asubuhi, vikiwa vimepoa na kusinyaa kabisa. Cha kuchekesha, kule nyuma hakukutuna hata kidogo. Jua halifiki, halafu ukuta wa huko haukujengwa ukanyooka, umeachia sentimita 2 zaidi. Fundi mbovu wa zamani aliniokoa pale ambapo hesabu yangu nzuri ilinitupa.

Hatukugusa kitu mpaka jioni kilipopoa. Kuvifungua ndiko kunakouma: unanyanyua kutoka upande wa meno, polepole, ukilazimisha sikio linakatika. Mimi nilikata mawili, ndivyo vigae viwili vikaenda. Tukautoa mstari mzima wa ukutani, vigae 14, kila kimoja tukakipunguza sentimita 2, kisha tukarudisha na kugawa nafasi, sentimita 1 kila upande. Nyuma nako sentimita 1. Mlangoni tuliacha huru, sakafu ijinyooshe inavyotaka. Ile nafasi ya ukutani imefunikwa na ubao mwembamba wa pembeni, uliopigiliwa ukutani, si kwenye kigae.

Wiki ya pili sasa. Nakwenda saa tisa kila siku kuchungulia, kama mtu aliyelaza mgonjwa. Asubuhi kidole changu kidogo kinaingia kwenye nafasi ya mlangoni, alasiri hakiingii. Sakafu imelala. Lawama yangu iliyobaki ni sauti: ukitembea na viatu vigumu inalia ko-ko-ko kama dari tupu, na usiku kijana akiingia kutafuta spana nasikia kila hatua. Na jeki msiikanyagishe moja kwa moja juu ya kigae. Tunatanguliza kipande cha ubao mnene, la sivyo uzito wote wa Kirikuu unakaa mahali padogo kama sahani.

Satini iko juu ya vigae vilivyoziba, nyeupe kama ilivyonunuliwa. Yule mama wa Makorora ana binti mwingine, anaolewa Mfunguo Mosi, Ramadhani ikiisha, na amepiga simu.

Vilibaki vigae sita vizima. Nilisema nitavitunza kama akiba ya kuzibia vitakavyovunjika. Juzi nikamkuta mama yangu ameketi uani penye bomba anaosha dagaa, miguu haigusi tope, chini yake vigae sita vya matundu vimechomekana sawasawa, masikio yote upande mmoja. Nikamuuliza nani kamfungia. Akanijibu bila kuinua kichwa kwamba yeye si mzee wa kufungiwa vitu, na kwamba hivyo haviondoki.