Teksi ya kwenda Naseby

Ukitaka kwenda Naseby, kijiji cha Uingereza ambako mfalme na Bunge walipigana, na huna gari, jiandae kuumia mfukoni. Treni ya kutoka London St Pancras inakushusha Market Harborough baada ya saa moja hivi, kwa nauli ambayo kwetu ingenitoa Dar hadi Mwanza na kunirudisha. Zinabaki kilomita kama 11, na siku hiyo basi hakuna. Nikakodi teksi.

Dereva alikuwa mzee wa Kihindi, kimya, kofia ya sufu kichwani ingawa ni Juni. Dada akanipigia simu, tukaongea. Nilipokata, mzee akanitazama kwenye kioo.

“Wewe mtoto wa wapi?”

Morogoro, nikamwambia, na shikamoo juu. Akacheka mpaka gari likayumba. Kwao ni Kampala. Mama yake alizaliwa Mombasa, basi nyumbani walikua na Kiswahili. Mwaka 1972 Amin alipowapa Waasia siku 90 waondoke, familia yao iliangukia Leicester, kama maelfu ya wengine.

“Naseby unafuata nini? Pale ngano tu.”

Ngano kweli, na upepo. Kuna mnara mmoja kando ya barabara ya Sibbertoft, bonde la Broad Moor mbele yake, na ng'ambo kilima walichojipanga watu wa mfalme. Asubuhi ya tarehe 14 Juni 1645 jenerali Fairfax alisimamisha hapa jeshi jipya la Bunge, watu kama 14,000. Mfalme Charles wa Kwanza alikuwa na 9,000 hivi, na bado akakubali kupigana.

Mzee naye akashuka, mikono mfukoni, akataka nimsimulie. Nikamwonyesha upande wa Sulby, ambako askari wa Okey, kamanda wa Bunge, walijibanza kwenye ua wa miti wakifyatua risasi ubavuni mwa farasi wa Rupert, mpwa wa mfalme. Rupert hakujali. Akaupasua mrengo wa Bunge ulioongozwa na Ireton, halafu vijana wake wakatimua mbio kwenda kuvamia mizigo ya Bunge huko nyuma. Cromwell, kamanda wa farasi wa Bunge upande wa pili, alipowavunja wapanda farasi waliomkabili aliwazuia wake wasifukuzane nao, akawageuzia askari wa miguu wa mfalme. Rupert aliporudi, vita vimekwisha. Mfalme alitaka kwenda mbele mwenyewe; bwana mmoja mkubwa akaikamata hatamu ya farasi wake. Zaidi ya 4,000 walitekwa. Wanawake waliofuatana na jeshi la mfalme, wasiopungua mia, waliuawa na askari wa Bunge, na hilo wanaomsifu Cromwell hulipita haraka.

Mzee alinyamaza kidogo. Kisha akasema, “Mimi Mengo niliisikia.”

Alikuwa mvulana, Mei 1966, jeshi la Rais Obote likiongozwa na Amin lilipovamia Mengo, kasri la Kabaka Mutesa, mfalme wa Buganda. Baba yake alifunga duka, wakalala chini ya meza wakihesabu milio. Mvua kubwa ikanyesha, Mutesa akaruka ukuta akatoroka, akafia London mwaka 1969. “Ila kule,” mzee akanisahihisha, maana nilishaanza kulinganisha, “bunge la Buganda lilikuwa upande wa mfalme. Ndilo lililoiambia serikali ya Obote itoke kwenye ardhi yao.”

Nikabaki nawaza kwetu. Mwaka 1963 uchifu uliondolewa kwa sheria, karatasi ikasainiwa, basi. Babu yangu aliyekuwa akimpelekea chifu wake pombe kila mavuno aliendelea kumpelekea, serikali ikiwa haina habari.

Tulirudi kwa njia ya A14, barabara kuu iliyokatiza kusini mwa uwanja wa vita, malori yakinguruma. Mzee bado alikuwa na Charles. Barua zake za siri zilinaswa hapo Naseby, Bunge likazichapisha, watu wakasoma jinsi alivyokuwa akitafuta askari Ireland na ng'ambo. Januari 1649 wakamkata kichwa. “Angeruka ukuta mapema,” mzee alisema.

Stesheni nikatoa pochi nikitegemea undugu. Mita ilikuwa imehesabu na muda wote aliosimama kunisikiliza: pauni 58. Akapokea zote, akanipa namba yake, na kuniambia nikija tena nisilale hotelini, hoteli za huku ni wizi.