"Umekula?"

Usaili wangu wa kwanza wa uigizaji uliniponyoka kwa neno moja: "Umekula?" Ni la mama anayemfungulia mwanawe mlango usiku wa manane, baada ya miaka miwili ya kimya. Skripti ilikuwa kurasa mbili tu, nami nilizikariri siku tatu mbele ya kioo, mkono kiunoni, sauti juu. Mama mkali. Nikajiona nimeiva.

Mwongozaji alinisikiliza hadi mwisho, akasema, "Vizuri. Sasa rudia, ila huna hasira naye. Unaogopa ataondoka tena." Nilipofungua mdomo ikatoka hasira ileile, safari hii kwa sauti ya chini. Na mkono, wenyewe, ukarudi kiunoni! Akanishukuru, nikachukua mkoba wangu.

Kumbe nilikuwa nimekariri wimbo, si maneno. Siku hizi nakariri nikiosha vyombo, kikavu, haraka haraka, bila kuigiza chochote, mpaka maneno yatoke hata nikishtuliwa usingizini. Kioo sikitaki tena. Kisha nashika penseli, na kando ya kila mstari naandika mhusika anataka nini kwa huyo anayesema naye. Hilo si langu. Stanislavski, Mrusi aliyeshiriki kuanzisha Ukumbi wa Sanaa wa Moscow mwaka 1898, aliwadai waigizaji wake jambo hilohilo. Langu ni ubishi tu: naandika haja tatu zinazopingana, nazijaribu zote. "Umekula?" ya kumzuia asitoke. "Umekula?" ya kumsuta. "Umekula?" ya kukwepa kumuuliza alikuwa wapi. Hiyo ya mwisho ilinitoa machozi, sifongo mkononi, usaili wenyewe ukiwa umeshapita zamani.

Waongozaji wengi sasa wanataka kwanza video ya kujirekodi. Simu naiweka usawa wa macho, na mdogo wangu, anayenisomea sehemu za wengine, anasimama ubavuni mwake ili nimtazame yeye, si kamera. Anasoma kama mtangazaji wa taarifa ya habari. Nimemwomba apunguze sauti, maana yeye yuko karibu na maikrofoni kuliko mimi, akanuna kidogo.

Jumamosi nina usaili mwingine. Mimi ni karani, mistari sita. Wa nne ni "Njoo kesho." Nimeshauandikia haja mbili, ya tatu bado naitafuta.