Mailman 3 kwenye kompyuta ya nyumbani: kazi kubwa iko kwenye Postfix

Maelekezo mengi ya Mailman, programu ya kuendesha orodha za barua pepe (mailing list), yanayozunguka mtandaoni ni ya toleo la 2.1. Toleo hilo hutegemea Python 2, iliyoachwa kuhudumiwa mwaka 2020, na Debian, mojawapo ya mifumo ya Linux, ililiondoa kuanzia Debian 11. Kwenye Debian 12 weka Mailman 3. Tanguliza Postfix, programu ya kupokea na kutuma barua, kwa sababu Mailman haisafirishi barua yenyewe:

apt install postfix
apt install mailman3-full

Postfix ikiuliza aina ya mipangilio, chagua Internet Site. Hifadhidata ikiulizwa, chagua sqlite3. Kwa orodha ya watu mia mbili au tatu inatosha kabisa.

Sasa fungua /etc/postfix/main.cf uongeze mistari hii:

recipient_delimiter = +
owner_request_special = no
transport_maps = hash:/var/lib/mailman3/data/postfix_lmtp
local_recipient_maps = proxy:unix:passwd.byname $alias_maps hash:/var/lib/mailman3/data/postfix_lmtp

Mstari wa tatu huiambia Postfix kuwa barua ya orodha ikabidhiwe Mailman kupitia lango (port) 8024. Ukiusahau wa nne, barua zinarudi na ujumbe "User unknown in local recipient table", kwani Postfix inatafuta mtumiaji wa kompyuta mwenye jina la orodha yako, na hayupo. Faili la postfix_lmtp likiwa bado halijaundwa, Postfix italalamika kwenye kumbukumbu zake (log) kuwa haioni faili hilo. Endesha sudo -u list mailman aliases, kisha uwashe Postfix upya. Usijaribu amri hiyo kama root, itakataa.

Kwenye /etc/mailman3/mailman-web.py badilisha EMAILNAME, ambayo huja ikiwa localhost.local, iwe kikoa chako (domain). Halafu ingia kwenye ukurasa wa msimamizi, sehemu ya Sites, ubadilishe example.com iwe kikoa chako. Hili husahaulika sana, na wanachama huishia kupokea barua za uthibitisho zenye jina la example.com.

Kutoa barua nje ndiko kunakosumbua. Watoa huduma wengi wa intaneti hufunga lango 25 kwa wateja wa majumbani, na hata likiwa wazi, anwani nyingi za IP za nyumbani zimo kwenye PBL ya shirika la Spamhaus, orodha ya anwani zisizotakiwa kutuma barua moja kwa moja, hivyo barua hukataliwa. Pitishia barua kwenye seva ya kulipia kwa mpangilio wa Postfix uitwao relayhost na lango 587. Weka pia libsasl2-modules, ambayo Postfix huitumia kuingia kwenye seva hiyo kwa nenosiri. Isipokuwepo utaona "No worthy mechs found" hata kama nenosiri ni sahihi. Faili lenye nenosiri la seva hiyo lipe chmod 600, maana nenosiri limeandikwa wazi. Kupokea majibu kutoka nje kunahitaji lango 25 liwe wazi kuingia pia. Bila hilo, tumia orodha kwa matangazo tu.

Mwisho, kwenye Postorius, ukurasa wa wavuti wa kusimamia orodha za Mailman, fungua DMARC Mitigations (DMARC ni kanuni ya kuthibitisha kikoa cha mtumaji), chagua kubadilisha From iwe anwani ya orodha. Tangu Yahoo ilipoweka p=reject, yaani barua isiyothibitishwa ikataliwe, Aprili 2014, barua ya mwanachama wa Yahoo ikipita kwenye orodha bila badiliko hilo hukataliwa na Gmail na wengineo, na Mailman huwahesabia makosa wapokeaji wasio na hatia hadi kuwasimamishia barua.