Geji kwanza, spana baadaye: kuihudumia regyuleta yangu Nairobi

Kusi ikishaanza kuvuma, bahari ya Diani na Watamu huchafuka, na wengi wetu tunaoteremka kutoka bara kwenda kuzamia huweka vifaa kabatini. Mwaka huu sikutaka miezi hiyo ipite bure. Niliamua kujifunza kuihudumia mwenyewe, hapa hapa Nairobi, regyuleta yangu, yaani kifaa kinachoshusha presha ya hewa ya mtungi ili mzamiaji aweze kuivuta. Kila pumzi ninayovuta chini ya maji inapita ndani ya chuma hicho, na nilitaka kujua inapitaje.

Juni

Kabla ya kugusa spana nilinunua geji ya kupimia presha ya kati, yaani ya hewa iliyo kati ya hatua mbili za regyuleta. Mtungi uliojaa huwa na hewa ya bar 200 hivi. Hatua ya kwanza, ile inayokazwa kwenye mtungi, huishusha mpaka bar 9 au 10 zaidi ya presha ya pale ulipo. Hatua ya pili, ile ya mdomoni, humalizia kazi. Geji unaichomeka kwenye mpira unaojaza hewa jaketi la kuelea, unafungua mtungi taratibu, unaangalia sindano: inapaswa kupanda na kutulia. Ukibonyeza kitufe cha mdomoni inashuka, ukiachia inarudi palepale.

Yangu haikutulia. Ilifika 9.5 ikaendelea kupanda pole pole, na kabla chai yangu haijapoa ilikuwa imeshapita 10.5. Dalili hiyo huelekeza kwenye kiti cha vali ya presha kubwa: kimechoka, hakizibi. Ukikiacha, presha hujikusanya mpaka hatua ya pili ishindwe kuizuia, na hewa ianze kumwagika yenyewe.

Rafiki yangu aliuliza kama mwinuko wa Nairobi, karibu mita 1,700, hauharibu kipimo. Hauharibu, kwa sababu regyuleta na geji zote zinajilinganisha na hewa ya nje. Mwinuko una hatari yake kwingine: kwa mwili wa mtu aliyetoka kuzamia. DAN, shirika la usalama wa wazamiaji, linashauri mtu aliyezamia mara kadhaa angoje angalau saa 18 kabla ya kupanda ndege, na mimi safari ya gari kutoka pwani kuja huku juu naihesabu vivyo hivyo.

Julai

Spea ndizo zilizonisumbua. Watengenezaji wengi huwauzia mafundi wao walioidhinishwa tu. Fundi wangu wa pwani alikubali kunipa kiti kipya na oringi zake, zile pete za mpira za kuzibia hewa, kwa sharti moja: nifungue huku ananiangalia kwa video. Nashukuru sana kwa sharti hilo. “Dada, usichokoe kwa chuma,” alirudia kila nilipofikia oringi. Chuma hukwaruza kitanda cha oringi, na mkwaruzo mwembamba kama unywele unatosha kuvujisha hewa. Natumia sindano ya plastiki ya kufumia niliyoichonga ncha.

Kiti cha zamani nilikitazama kwa kioo cha kukuzia. Katikati palikuwa na mfereji wa duara, umezama na umepinda upande mmoja. Hapo ndipo hewa ilipokuwa ikipenya. Kisha nikakagua ukingo wa chuma unaokikandamiza, kwa sababu ukingo ukiwa na pengo, kiti kipya hakitasaidia kitu. Ulikuwa laini kabisa.

Vipande vya chuma vilivyoota kutu ya kijani nilivilowesha kwenye siki nyeupe iliyochanganywa nusu kwa nusu na maji ya uvuguvugu. Dakika chache tu. Siki ikikaa sana hula chuma. Nilisuuzia maji ya betri yale yaliyotoneshwa. Soma chupa vizuri dukani, maana asidi nayo huuzwa karibu.

Oringi za akiba nilizitafuta Kirinyaga Road. Ukifika utaambiwa ulete ya zamani ilinganishwe, na saizi wataipata. Lakini uliza pia ugumu wa mpira. Upande wa presha kubwa hutumia ugumu wa 90, na nyingi za dukani ni 70. Hizo sikuzichukua. Grisi ipake kidogo sana: oringi ing’ae, isionyeshe uvimbe wa grisi.

Agosti

Kipimo cha hatua ya pili ndicho nilichokipenda zaidi, kwa sababu kinahitaji karai na rula tu. Hewa ikiwa imefunguliwa, unaishika hatua ya pili sehemu ya mdomo ikielekea juu, unaizamisha pole pole. Inapoanza tu kutoa hewa, unapima kutoka usoni mwa maji hadi kwenye diaframu, ule utando wa mpira unaofungulia hewa. Yangu inaanza kwenye sentimita 3, yaani inavutika kwa urahisi bila kumwaga hewa ovyo.

Mtungi wenyewe siugusi. Kuukagua ndani kila mwaka na kuupima kwa presha ya maji ni kazi ya watu wenye mitambo na idhini, na kwa maoni yangu hapo ndipo mradi wa nyumbani unapokoma.

Ilipo sasa

Sindano inatulia 9.4. Niliiacha usiku kucha, asubuhi nikaikuta hapo hapo. Fundi aliomba picha, nikamtumia. Kilichobaki ni kitufe cha kujazia jaketi, ambacho chumvi imekifanya kizito kurudi. Nikikimaliza nitaijaribu seti nzima kwenye bwawa la kuogelea, sehemu ya kina kifupi, kabla ya kuibeba Diani kaskazi ikianza.