Utando wa kahawia kwenye tangi jipya la maji ya chumvi: ujue kwanza ni nini

Wiki ya pili au ya tatu ya tangi jipya la samaki wa baharini, mchanga uliokuwa mweupe unaanza kuchafuka rangi ya kahawia, na mwenye tangi anakimbilia dawa. Tafadhali subiri. Kuna viumbe vya aina tatu vinavyofanana kwa mbali, na tiba ya kimoja humnenepesha mwenzake.

Mara nyingi dayatomu, mwani mdogo wa seli moja, ndizo hutangulia. Ni vumbi laini, kama unga wa kakao uliomwagika juu ya mchanga na kioo. Pitisha kidole: linatoka bila ubishi na kutawanyika kama moshi. Dayatomu hujijengea maganda kwa silika, inayotoka kwenye mchanga mpya au maji ya bomba, na ikishapungua huondoka zenyewe ndani ya wiki chache. Zikigoma, angalia maji unayojazia. Kipimo cha TDS (jumla ya vitu vilivyoyeyuka) kwenye maji ya RO/DI, yaani yaliyosafishwa kwa utando na kisha resini, kisome 0. Kikianza kupanda, badilisha resini, kwa sababu silika ni miongoni mwa vitu vya kwanza kupenya resini iliyochoka.

Sayanobakteria ni shuka. Kwa kawaida ni nyekundu iliyoiva, ingawa zipo za kahawia na za kijani. Inua pembe moja kwa pipeti, itabanduka kipande kizima kama utando wa juu ya maziwa yaliyochemshwa. Hupenda pale maji yanapotulia. Ifyonze kwa mpira siku ya kubadilisha maji, elekeza pampu pale, punguza chakula.

Balaa lenyewe ni dinoflajelati, vijiumbe vya seli moja: nyuzi za ute kama kamasi, zenye mapovu ya hewa kwenye ncha. Jioni zimejaa, asubuhi kabla ya taa mchanga unaonekana safi. Konokono wakianza kulegea na kudondoka kwenye kioo, zishuku hizi. Hustawi hasa virutubisho vya maji, naitreti na fosfeti, vinaposhuka hadi 0, kwa hiyo anayebadilisha maji kila siku na kuongeza kichujio cha fosfeti anazipalilia. Fanya kinyume: sitisha kubadilisha maji, pandisha naitreti hadi 5–10 mg/l na fosfeti hadi kama 0.1 mg/l. Taa ya UV, inayoua viumbe kwenye maji yanayopita ndani yake, husaidia kwa aina ya dinoflajelati iitwayo Ostreopsis, ambayo usiku huelea majini. Aina nyingine, Amphidinium, hung'ang'ania mchangani, UV haiipati.

Jaribio lake ni rahisi. Vuta ute kwa pipeti, tia kwenye chupa yenye maji ya tangi, funga, tikisa kwa nguvu mpaka usagike. Chuja kwa karatasi ya kuchujia kahawa, kisha weka maji yaliyopita kwenye glasi safi chini ya taa. Baada ya saa moja hivi, yakijikusanya tena kuwa nyuzi, ni dinoflajelati. Hadubini ya kukuza mara 400 humaliza ubishi: Ostreopsis ina umbo la mbegu ya tikiti, na huzunguka palepale kana kwamba ncha yake imefungwa kamba.

Kwenye mawe, cha kuogopa ni aiptasia, anemoni mdogo msumbufu: shina la kahawia linalopitisha mwanga, mikono myembamba yenye ncha kali, mdomo katikati. Ukiigusa hunywea tunduni mara moja. Usiikate wala kuikwangua, maana kipande kidogo cha mguu kikibaki huota upya. Koroga kalisi haidroksidi na maji ya RO/DI iwe kama uji mzito, zima pampu, jaza mdomo wake taratibu kwa bomba la sindano, ngoja dakika 15 ndipo uwashe. Chache tu kwa siku, la sivyo pH itapaa.

Vipovu vya kijani vinavyong'aa ni Valonia, aina ya mwani. Vibandue vikiwa vizima, bila kuvipasua.

Vidoadoa vyeupe vilivyojiviringa kama konokono, milimita 1 au 2, ni minyoo wa Spirorbis wanaochuja maji. Waache. Na gamba la waridi au zambarau linalotambaa juu ya mawe ni mwani wa chokaa, uliousubiri tangu mwanzo. Kwangua wa kwenye kioo cha mbele tu.