Siku moja maishani mwangu: biti ya 13 haina mwenyewe

Saa 12 asubuhi niko kwenye daladala. Ninabuni kache ya data, yaani kumbukumbu ndogo ya kasi inayokaa karibu na prosesa, kwa ajili ya prosesa ndogo ya biti 32 ya RISC-V (aina ya lugha ya amri za prosesa iliyo wazi kwa wote). Tunaijaribu kwenye simuleta, programu inayoiga saketi, kabla ya kuipandisha kwenye bodi ya FPGA, chipu inayoweza kupangwa upya.

Saa 2. Kache yangu ni ya kilobaiti 16, mistari 512 ya baiti 32. Ukubwa huo huo ulikuwa kwenye IBM System/360 Model 85 ya mwaka 1968, kompyuta ya kwanza ya kibiashara kuwa na kache, na bado napenda kulikumbuka hilo. Hadi wiki iliyopita yangu ilikuwa ya njia moja: kila anwani na kiti chake kimoja tu. Programu ya majaribio inajumlisha safu mbili, A na B, jozi kwa jozi, na safu hizo zimeachana kilobaiti 16 kamili, hivyo namba mbili za kila jozi zinagombea kiti kilekile. Basi A anakaa, B anamwinua, A anarudi anamwinua B. Kila ombi linakosa namba yake ndani ya kache, na kila kukosa ni mapigo 20 ya saa juu ya lile moja la kawaida. Mapigo 21 kusoma namba moja!

Nikahamia njia mbili: seti 256, kila seti viti viwili. Mstari mmoja unabeba namba 8, hivyo ukikosa ya kwanza, saba zinazofuata unazikuta hapo hapo. Wastani unashuka hadi mapigo 3.5.

Saa 4. Kasi imepanda kweli, ila majibu si sahihi. Jozi 2,048 za kwanza ni safi. Kuanzia hapo majibu yaleyale yanajirudia. Hakuna onyo lolote. Prosesa inapewa namba ya mwingine na inaipokea. Hapo ndipo kache inaponitisha: ikiharibika inaweza kudanganya, na kwa kasi nzuri.

Saa 7 mchana, wali maharage umepoa. Kwenye mawimbi ya simuleta naona anwani 0x80002000 inasomeka "imepatikana", wakati haijawahi kuletwa. Iliyomo ni 0x80000000.

Mwenzangu akavuta kiti. "Kaka, lebo yako ina biti ngapi?"

"Kumi na nane."

"Na njia sasa ziko ngapi?"

Nikanyamaza. Biti 5 za chini huchagua baiti ndani ya mstari, zinazofuata huchagua seti, zilizobaki juu ndiyo lebo inayotambulisha nani amekaa. Mistari 512 ilitaka biti 9, seti 256 zinataka 8. Ile moja iliyotoka ilipaswa kuhamia kwenye lebo, zifike 19. Niliipunguza huku, sikuiongeza kule. Biti ya 13 (ukihesabu kuanzia 0), ambayo ndiyo pekee inayotofautisha anwani zile mbili, ikabaki haiangaliwi na yeyote.

"Ahsante sana, dada."

Kwenye kodi, pale panapotajwa biti ambayo lebo inaanzia, nilifuta 14, nikaandika 13. Kisha nikafuta hata hiyo 13, nikaacha urefu wa lebo ukokotolewe kutokana na ukubwa wa kache na idadi ya njia.

Saa 11 jioni jozi zote 4,096 zimetoka sahihi. Nimebadilisha njia kuwa nne, nikaiacha simuleta ikikimbia, nikaenda kupasha moto maharage.