Mafuta Kidogo Tu

Mwanangu wa darasa la tano karudi na kazi ya nyumbani: andika kila ulichokula jana. Kaandika chai, wali, ugali na maharage. Miwa aliyotafuna njia nzima kutoka shule haimo. Parachichi la kwa jirani halimo. Nilipomuuliza alinitazama kama mtu anayeonewa: "Yale si nilikula tu?"

Basi nikaikumbuka Kilolo, wilaya ya mkoa wa Iringa tulikokwenda kuwauliza watu walikula nini jana, na mama Neema, mmoja wa tuliowahoji, na chupa yake ya mafuta.

Ilikuwa Aprili, mvua haijakata, njia utelezi mtupu. Vifaa vilikuwa vile vile vya siku zote: mizani ya kidijitali ya kilo 5 inayosoma gramu moja moja, ubao wa kuiwekea kwa sababu sakafu ya udongo haikai sawa, jagi la kupimia, mchele mkavu, dagaa wakavu kwenye mfuko, udongo wa kufinyangia mfano wa vipande vya nyama. Upepo ukiipiga mizani, namba zinacheza, kwa hiyo tulipimia ndani, mlango umerudishwa nusu. Mhojaji alikuwa binti wa huko huko, anayejua kusema "kamwene" na kuitikiwa kwa furaha. Kazi yangu ilikuwa kukaa pembeni na kusikiliza.

Maswali ya mlo wa saa 24 huenda kwa mizunguko. Wa kwanza unamwacha mtu aseme mwenyewe, tangu alipoamka jana hadi alipoamka leo, bila kumkatiza. Hapo ndipo wahojaji wageni huharibu. Anauliza, "Asubuhi ulikunywa chai?" na chai inaingia kwenye dodoso hata kama jana nyumba haikuwa na sukari, maana nani atamkatalia mgeni chai? Mzunguko wa pili unatafuta vilivyosahaulika, na njia nzuri ni kufuata nyayo za mtu kuliko kumtajia vyakula. Ulitoka na nani? Mlipita wapi? Mlipumzika wapi? Wa tatu ni mapishi: mahindi yalikobolewa au ni dona, mboga iliungwa kwa nini, nani aliipika. Wa nne ni vipimo. Wa mwisho unamsomea yote, arekebishe. Watafiti wa lishe Rosalind Gibson na Elaine Ferguson ndio walioirekebisha mbinu hii ifae vijiji vya huku. Na kwenye vipimo kuna jambo moja la kushika: tumia vyombo vya mwenye nyumba. Kikombe chako cha maabara hakijawahi kunywewa uji pale.

Mama Neema mzunguko wa kwanza aliumaliza haraka. Asubuhi uji. Mchana ugali na majani ya maboga. Usiku ugali na majani yaliyobaki, akaongeza mengine. Basi. Mtu akikusanya hayo tu, mwanamke anayenyonyesha, aliyeshinda na jembe kutwa, anaonekana anaishi kwa chakula kisichotosha hata mtu aliyelala kitandani. Hesabu ikija hivyo, ikakaribia au ikashuka chini ya nishati ambayo mwili unaichoma ukiwa umepumzika, usikimbilie kuandika njaa. Kwanza tafuta kilichobaki njiani.

Kilikuwa kwa shemeji yake. "Tulipumzika kidogo." Mlipumzika na nini? Akacheka, akaziba mdomo kwa khanga. "Ulanzi nao mnaandika?" Tunaandika. Ni pombe ya mianzi: vikombe viwili vya plastiki, mtogwa, mtamu bado, si mkangafu uliokwisha chacha. Akakileta kikombe chenyewe, akatia maji hadi pale ulanzi ulipofika, tukamimina kwenye jagi: mililita 450. Mara mbili. Masika yote mianzi inagemwa huko, kwa hiyo utafiti wa Aprili na wa Septemba katika kijiji kile kile utaleta watu wawili tofauti.

Ugali ulichukua muda. Wanakula sinia moja, yeye na watoto wawili, na mdogo analishwa kwa mkono wa mama. Dawa ya sinia ni moja, nayo inachosha: songa ugali wa mfano kwa unga wake na mwiko wake, mwombe amege matonge kama anavyomega kila siku, pima kadhaa upate wastani, kisha mhesabie mlo kwa matonge, la mama mbali, la mtoto mbali. Usitumie tonge la mhojaji. Mikono haifanani.

Kisha mafuta.

"Mboga uliiunga kwa mafuta?"

"Mafuta kidogo tu."

Mama mkwe wake alikuwa ameketi kwenye kigoda mlangoni, anapepeta maharage. Tulikuwa tumemwamkia, shikamoo bibi, marahaba wanangu, na kwa heshima hakuna aliyethubutu kumwambia apishe. Mhojaji akaomba chupa tupu inayofanana na ile ya mafuta, akaitia maji, akasema, "Mimina kama ulivyomimina jana, mama Neema, sufuria ile ile." Sufuria ikawekwa juu ya mizani, ikarudishwa sifuri.

Ungo ulinyamaza. Bibi hakuinua kichwa, ila mikono ilisimama, maharage yamekusanyika upande mmoja wa ungo. Mama Neema akaishika chupa kwa vidole vitatu, akaiinamisha, maji yakatoka membamba kama uzi, na kabla hujavuta pumzi akaiinua. Akatazama mlangoni. Akaongeza tone. Mizani ikasoma 11.

"Hapo," akasema. Ungo ukaanza tena.

Gramu 11 za maji ni mililita 11, na mafuta ni mepesi kuliko maji, unazidisha kwa 0.92: gramu 10 za mafuta kwenye chungu cha watu sita. Ni mafuta kidogo kweli, kama alivyosema.

Mhojaji yule alikuwa mzuri, na hakubisha. Alisubiri hadi mzunguko wa mwisho, akauliza kama anayeuliza bei ya kitu sokoni: haya mafuta ni ya kupima? Mlinunua lini? Robo lita, Jumamosi jioni. Chupa ipo? Ipo. Akaweka alama kwa kalamu pale mafuta yalipoishia, akachukua ile chupa nyingine, akaijaza maji hadi usawa ule ule, akamimina kwenye jagi. Mililita 60 zilikuwa zimebaki. Tulikuwa Jumanne asubuhi. Zimekwenda 190, na mboga zilizoungwa tangu Jumamosi ni sufuria tano. Gawanya: mililita 38 kila sufuria, yaani gramu 35. Si 10.

Kwa nishati pengo hilo ni kama kalori 225 kwa sufuria, ukizigawa kwa walaji sita unaona si kitu. Lakini ukitazama mafuta peke yake, umemwandikia kila mtu chini ya theluthi ya alichokula. Na hapo ndipo Iringa inapouma. Mahindi yanatoka huko kwenda kulisha miji, na bado utafiti wa afya wa kitaifa wa 2022 ulikuta watoto 57 kati ya 100 chini ya miaka mitano mkoani humo wamedumaa, wakati wastani wa nchi ni 30. Swali la ugali upo au haupo halisaidii sana katika nyumba kama hizo. Linalosaidia ni mafuta, maharage, dagaa, maziwa, ya mtoto na ya mama, na ndivyo hasa vinavyojibiwa kwa "kidogo tu" mbele ya mkwe.

Sisemi mama Neema alidanganya. Huenda jirani aliazima. Huenda mtoto alipakwa miguuni, baridi ya huko inapasua ngozi. Huenda Jumapili mafuta yalizidi na Jumatatu yakapungua, na sisi tuliuliza ya Jumatatu tu. Utaratibu ulikuwa wazi: anachosema mhojiwa baada ya kusomewa ndicho kinachoandikwa, na hesabu ya chupa inakwenda kwenye maelezo pembeni. Tukaandika 10. Kwenye maelezo mhojaji akaandika ya chupa, na akaongeza kwamba mama mkwe alikuwepo. Waliokuja kuingiza takwimu kwenye kompyuta hawakuwa na sehemu ya maelezo.

Nyumba ile ilikuwa miongoni mwa zilizochaguliwa kurudiwa, maana siku moja haikuambii mtu anakula nini kwa kawaida, na siku ya pili haitakiwi ifuatane na ya kwanza. Safari hiyo bibi alikuwa amekwenda gulioni. Mama Neema aliimimina chupa bila kutazama popote, na mizani ikasoma 41.

Ila siku aliyokuwa akiisimulia walikuwa na wageni kutoka Ilula, kuku amechinjwa, na kuku wa mgeni haungwi kwa mafuta ya uzi. Kwa hiyo hadi leo sijui ile tofauti niiandikie bibi au kuku.